Siku Kardani Ilipooshwa

Kila Jumamosi asubuhi, Adelaïde alikuwa na kazi zake pale Kingi, katika milima ya Masisi, na alizijua kwa mpangilio kama anavyojua vidole vyake. Kwanza kuchota maji. Kisha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, pamoja na mama yake, yeye na mchi wake, mama na wake, kinu kimoja katikati. Baadaye kufagia mbele ya duka lao, ambako mama yake, Mama Virginie, aliuza chumvi, sabuni, blanketi na chochote ambacho watu wa milimani walikihitaji. Familia yao ilitoka Butembo zamani kidogo, na Kingi palikuwa pameshakuwa nyumbani.

Kazi zikiisha, Adelaïde alivuka barabara na kuingia kwenye garaji ya Fundi Sebarenzi.

Hakuna aliyemtuma huko. Alikwenda kwa sababu garaji ile ilikuwa na vitu vingi vilivyofungwa ndani ya vitu vingine, na yeye alitaka kujua kilichomo. Binamu yake Bienvenu, aliyekuwa akiishi nao, alimwita Mama Maswali.

"Mama Maswali, leo utauliza nini? Utauliza mbuzi juu ya nini hana kofia?"

"Nitauliza juu ya nini weye hauna akili," Adelaïde alimjibu, na wote wawili wakacheka huku wakivuka.

Siku hiyo, katikati ya garaji, juu ya shimo ambalo fundi alisimama humo ili kuona gari kwa chini, ilikuwapo pikapu ya Papa Katembo, baba yake Adelaïde. Gari hilo ndilo lililobeba mizigo ya watu katika milima ya Masisi, na njia ilipokuwa wazi, lilishuka mpaka Walikale.

Lakini njia ya Walikale haikuwa ya mzaha. Malori makubwa yalikuwa yameichimba wakati wa mvua, yakaacha mifereji yenye kina kirefu. Pikapu fupi ikiingia humo, tumbo lake hulala juu ya tope kama ng'ombe aliyekataa kuondoka. Kwa hiyo Papa Katembo alifanya kama madereva wengine wa njia ile: aliongeza springi za nyuma, akalinyanyua gari likasimama juu kama mtu aliyekunja suruali kuvuka mto. Tope halikumsumbua tena. Badala yake ikaanza kuvunjika kardani, lile bomba refu la chuma linalolala chini ya gari. Ilivunjika mara ya kwanza, akatengeneza. Ikavunjika tena.

Fundi Sebarenzi alikuwa amechuchumaa kwenye gunia, kardani mpya mbele yake, tupa mkononi.

"Mwaramutse, Papa Sebarenzi," Adelaïde alimsalimu kwa Kinyarwanda, lugha ambayo alikuwa amejifunza kwa kucheza na watoto wa jirani. "Kwa nini inavunjika? Gari iko juu sasa. Si njo vizuri?"

"Ni vizuri kwa tumbo, ni vibaya kwa viungo," fundi alijibu bila kuacha kupiga tupa. "Injini imepanda juu pamoja na gari. Magurudumu yamebaki chini. Kardani njo inapeleka nguvu ya injini kwa magurudumu, na sasa inapaswa kuteremka sana kuyafikia. Kiungo kinapinda kupita kipimo chake. Weye ukipindisha kidole kupita kipimo?"

"Kinavunjika."

"Basi."

Alimwonyesha alichokuwa akikifanya. Katika kila ncha ya kardani palikuwa na masikio mawili ya chuma, na kati ya masikio hayo kiliingia kipande chenye umbo la msalaba. Hicho ndicho kiungo. Sebarenzi alikuwa ametoa misalaba minene katika lori lililokufa, akayapanua masikio ya kardani ili yaipokee, kisha akayakwangua pembeni ili yapinde zaidi bila kugongana. Bomba lenyewe alilirefusha. Halikuwapo duka lolote lililouza kardani ya namna ile. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya gari lile moja tu.

"Shika hii ya zamani," alisema, akamsogezea kardani iliyokuwa pembeni, ambayo kiungo cha ncha moja kilikuwa kimevunjika na cha pili kilikuwa bado kizima. "Kunja hiki kizima. Sasa zungusha polepole. Tazama upande wa pili."

Adelaïde alizungusha. Akakunja uso. Akazungusha tena.

"Haiendi sawasawa! Mimi ninazungusha polepole, lakini ule upande unakimbia kidogo, halafu unachelewa, halafu unakimbia."

Bienvenu alisogea naye. "Kweli. Inakwenda kama mlevi."

"Kiungo kikipinda, njo tabia yake," fundi alisema, na macho yake yakang'aa kwa furaha ya mtu aliyepata wasikilizaji. "Kwa hiyo tunaweka viungo viwili. Cha mbele kikikimbia, cha nyuma kinachelewa. Mwisho wake, magurudumu yanapata mwendo ulionyooka. Adelaïde, unatwanga sombe na mama kwenye kinu kimoja, sivyo? Mchi wake ukipanda?"

"Wangu unashuka."

"Na mukikosana?"

"Michi inagongana. Na mama ananiangalia vibaya."

Fundi alicheka mpaka akaweka tupa chini. Adelaïde aliinama juu ya kardani mpya. Ilikuwa na vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, na mahali vilipokutana palikuwa na mstari mweupe wa chaki uliopita juu ya vyote viwili.

"Papa, na hii chaki iko ya nini?"

Kabla fundi hajajibu, sauti ya Mama Virginie ilivuka barabara. "Sebarenzi! Padri ameshafika kwa katekista! Na bolti za kufungia ziko hapa dukani, kuja uchague!"

Fundi aliinuka haraka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaenda. Swali la Adelaïde likabaki juu ya gunia, pamoja na kardani.

Ni lazima tueleze habari ya padri. Katika familia ile, gari lililofanyiwa matengenezo makubwa halikurudi barabarani bila kubarikiwa. Padri alikuja na maji ya baraka, watu wakaimba, ndipo safari ikaanza. Na siku hiyo safari ilikuwa kubwa. Mama Céline, mkulima wa Kibabi, alikuwa ameleta mafungu ya vipandikizi vya mihogo, vikiwa vimefunikwa kwa majani ya migomba. Dada yake, pamoja na majirani zake, walikuwa wamerudi kijijini kwao upande wa Walikale baada ya kukaa ukimbizini muda mrefu. Walikuta mashamba yamekuwa vichaka, na mihogo michache iliyobaki ilikuwa na ugonjwa wa majani. Shamba la Mama Céline lilikuwa zima, naye alikuwa amekata vipandikizi vyake bora kabisa. Muhogo uliokatwa hausubiri. Ukikaa sana, unakauka, na hauoti tena.

"Watoto!" Mama Virginie aliita tena. "Osheni hiyo gari! Kila kitu! Sitaki kitu kichafu mbele ya maji ya baraka!"

Adelaïde na Bienvenu walileta ndoo, sabuni ya unga na majivu. Wakaosha milango, taa na magurudumu. Kisha macho ya Adelaïde yakaangukia kardani iliyolala kwenye gunia, imejaa grisi, vumbi la tupa na ule mstari wa chaki.

"Mama amesema kila kitu," alisema.

Wakaiosha. Grisi ikatoka, vumbi likatoka, chaki ikatoka. Chuma kiling'aa hata mtu angeweza kukiweka sebuleni. Wakati wa kupangusa, Adelaïde alihisi kipande kimoja kinateleza ndani ya kingine. Akavuta. Kikatoka chote.

"Bienvenu, kuja uone! Iko na meno ndani!"

Kweli, kipande kimoja kilikuwa na meno marefu kuzunguka, na kingine kilikuwa na mifereji ya kuyapokea. Aliyapitishia kidole, jino baada ya jino. Akaelewa mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba kardani hurefuka na kufupika gari linaporukaruka, na meno yale huifanya iendelee kuzunguka. Moyo wake ulifurahi sana kwa kugundua hivyo. Akafuta mifereji, akarudisha kipande mahali pake. Kiliingia bila taabu, kwa maana meno yote yalifanana.

Fundi Sebarenzi alirudi mbio na bolti mkononi. Alipoiona kardani inang'aa, alisimama.

"Chaki iko wapi? Hamukuifungua?"

"Tumeosha tu, papa," Bienvenu alisema haraka.

Adelaïde alifungua kinywa. Lakini nje Papa Katembo alikuwa akiita, "Fundi, padri anangoja!", na waimbaji walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Maneno yakarudi tumboni. "Si niliirudisha vilevile?" alijiambia. Sebarenzi aliwaamini. Akashuka shimoni, akafunga kardani, bolti baada ya bolti.

Padri alinyunyiza maji mbele, nyuma na kwa dereva. Watu waliimba vizuri. Mafungu ya mihogo yakapakiwa. Papa Katembo akawasha gari, akatoka kulijaribu mpaka kwenye kona na kurudi.

Polepole lilikwenda vyema. Alipoongeza mwendo, likaanza kutetemeka. Vioo vililia, milango ikagonga, mafungu ya mihogo yakarukaruka nyuma kama kuku waliofungwa miguu.

"Inacheza ndombolo!" mtoto mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka. Lakini Papa Katembo aliporudi na kushuka, vicheko vilikatika.

"Fundi, hii njo nini? Umeniharibia gari. Nilisema mimi, ningepeleka Goma!"

Sebarenzi aliomba gari lirudishwe juu ya shimo. Alishuka shimoni, akakagua bolti, bomba na misalaba. Alipopanda, uso wake ulikuwa na jasho.

"Sijaelewa bado, Papa Katembo. Kila kitu kimefungwa vizuri."

Hapo alikuwapo Thierry, dereva mwingine wa njia ile, ambaye naye alikuwa ameagiza kardani ya namna hiyo. Alijikuna kichwa. "Fundi, na kardani yangu ngoja kwanza. Usianze."

"Na yangu," mwingine akasema nyuma yake.

Adelaïde aliona jinsi mabega ya Sebarenzi yalivyoshuka. Garaji ile haikuwa na kibao wala tangazo. Ilikuwa na jina la fundi tu, na jina hilo lilikuwa likichanwa mbele ya watu.

"Toa hiyo kitu," Papa Katembo alisema. "Rudisha ya zamani."

"Ya zamani imevunjika."

"Basi hakuna safari. Mama Céline, utanisamehe. Shusha mihogo."

Mama Céline alikaa juu ya fungu moja lililokwisha kushushwa, akaweka mkono juu ya majani ya mgomba kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

Adelaïde alipiga magoti, akachungulia chini ya gari. Kulikuwa na kitu kikimwita. Michi inagongana, aliwaza. Kama michi inagongana, nani amekosea mapigo? Alitazama masikio ya kardani ya mbele: yalisimama wima. Akatazama ya nyuma. Hayakusimama wima. Yalikuwa yamelala upande, kama kofia ya mtu anayetoka harusini. Akakumbuka meno yote yaliyofanana, na jinsi kipande kilivyoingia bila taabu. Kingeweza kuingia mahali popote! Chaki ile ilikuwa inasema mahali pamoja tu, na yeye alikuwa ameiosha.

"Bienvenu," alinong'ona, "ni siye. Tumeirudisha vibaya."

"Nyamaza!" Bienvenu alimshika mkono. "Papa yako iko na hasira. Unataka kupigwa mbele ya padri?"

"Lakini watu wanasema ni fundi."

"Fundi ni mutu mukubwa. Atajitetea."

Lakini mtu mkubwa hakujitetea. Wakati huohuo Sebarenzi alivua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Papa Katembo, labda nimekosea mimi. Labda nilipima vibaya. Watu wasikilize, gari hili lina kosa langu."

Adelaïde alisikia maneno hayo kama mtu anayemwagiwa maji baridi. Alisimama. Magoti yake yalikuwa na tope, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Papa, si yeye. Ni mimi."

Watu waligeuka.

"Weye umefanya nini?" baba yake aliuliza.

"Niliosha kardani, chaki ikatoka. Halafu niliifungua, nilitaka kuona ndani. Niliirudisha bila kujua upande wake. Fundi alipouliza, nilinyamaza. Masikio ya mbele na ya nyuma hayako mstari mmoja. Njo kwa hiyo michi inagongana."

"Michi gani tena?" Thierry aliuliza, lakini hakuna aliyemjibu.

Papa Katembo alimsogelea binti yake. Mama Virginie alipita katikati ya watu, akasimama karibu na mtoto. "Kama ni kosa, nami niko ndani. Mimi njo nilisema kila kitu kioshwe, na sikumuuliza mwenye kazi."

Bienvenu alitazama vidole vya miguu yake. "Na mimi nilisema tumeosha tu. Sikudanganya yote. Nilipunguza."

Padri alikohoa, na wengine wakaona kwamba alikuwa anaficha kicheko.

Sebarenzi alikuwa ameshashuka shimoni. Sauti yake ilitoka chini ya gari, nayo ilikuwa imebadilika kabisa. "Adelaïde! Kuja huku! Kuja unionyeshe!"

Alishuka. Shimoni kulikuwa na harufu ya udongo na mafuta. Fundi alilegeza bolti za nyuma, akaivuta kardani, akampa chuma kimoja kilichonyooka.

"Laza hiki juu ya masikio ya mbele, utazame mpaka nyuma. Mimi nitazungusha. Weye sema."

"Zungusha tena... Tena jino moja... Hapana, umepita. Rudi. Hapo! Papa, hapo!"

"Una hakika?"

Adelaïde alikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini alijizuia. "Ngoja nitazame upande mwingine." Alihamia upande wa pili, akapima tena, akaona mstari umenyooka. "Sasa nina hakika."

Fundi alifunga bolti. Kisha akachukua patasi na nyundo, akaviweka mikononi mwa Adelaïde. "Chaki ilikuwa uzembe wangu. Chaki ni ya ubao wa shule, haiwezi tope wala sabuni. Piga alama hapa, na hapa, zikitazamana. Usipige kwa nguvu sana."

Alipiga. Mikato miwili midogo ikabaki kwenye chuma.

Papa Katembo aliwasha gari, akaenda mpaka kwenye kona, akaongeza mwendo. Watu walitega masikio. Hapakuwa na kioo kilicholia. Pikapu ilirudi ikipanda kilima kwa mlio mmoja, ulionyooka, na Mama Céline akainua mikono juu akisema, "Asante Mungu, mihogo yangu!"

Dereva alishuka, akaenda moja kwa moja kwa fundi. "Sebarenzi, nilikuaibisha mbele ya watu. Basi mbele ya watu hawa hawa naomba unisamehe."

Fundi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Hakuna neno. Mihogo isikauke."

"Fundi," Thierry alisogea taratibu, "na ile yangu..."

"Ile uliyosema nisianze?"

"Nilisema ngoja! Sikusema acha!"

Watu wakacheka, na safari hii Sebarenzi alicheka pamoja nao.

Papa Katembo alipokuwa akifunga mafungu kwa kamba, Adelaïde alisimama kando, akingoja adhabu yake. Baba yake alimwona, akamwita karibu.

"Mutoto wangu, unafikiri nitakukataza kuuliza?"

"Sijui, papa."

"Nikikukataza kuuliza, nani ataona masikio yaliyolala upande? Hapana. Kutaka kujua ni zawadi. Lakini sikia. Uliuliza chaki ni ya nini, hukungoja jibu, mkono wako ukaenda mbele ya swali lako. Hilo ni kosa dogo, kila fundi amelifanya. Kosa kubwa lilikuja pale fundi alipouliza nanyi mukanyamaza. Mungesema, ingekuwa kazi ya kugeuza kipande kimoja tu. Ukimya wenu njo ulikaribia kumvunjia mutu jina lake, na kuwanyima wengine chakula cha mwaka kesho."

Adelaïde aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, papa."

"Umeelewa nini?"

"Kama sijui kitu, nimalize kwanza swali. Na kama nimegusa kitu, niseme nimekigusa. Hata kama kimerudi mahali pake."

"Hasa kama unafikiri kimerudi mahali pake," Sebarenzi aliongeza, akifuta patasi yake.

Pikapu iliondoka, Mama Céline akiwa mbele pamoja na dereva, mkono wake ukiwaaga kupitia dirishani. Kabla wiki haijaisha, Papa Katembo alirudi na tope mpaka kwenye paa na habari njema: vipandikizi vilifika vikiwa na maji ndani, na kijiji kizima kilitoka kulima siku hiyohiyo. Kardani haikutoa hata sauti.

Jumamosi iliyofuata, Adelaïde alivuka barabara kama kawaida. Juu ya gunia kulikuwa na kardani ya Thierry, imefunguliwa vipande vyote. Aliketi mbele yake, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Papa Sebarenzi," alisema, "kabla sijagusa kitu, niko na maswali mengi."

Fundi alivuta kigoda, akaketi. "Anza na lile la kwanza," akasema. "Na usiondoke mpaka nimejibu. Kazi nzuri huanza kwa mutu mwenye subira ya kungoja jibu, na ushujaa wa kusema ukweli kama ameharibu."